Maji Ndani ya Mota

Mke wangu hakuwahi kuamini kwamba mafuta ya ardhini hutolewa kwa pampu. Kwake yeye, kisima cha mafuta ni shimo unalolichimba na kukimbia, maana yatatoka yenyewe yakiruka mpaka mawinguni. Nilimweleza mara nyingi, miaka ile tuliyoishi Muanda, pwani ya Congo, nilikofanya kazi ya visima. Kila mara alinisikiliza kwa ile heshima ya mwanamke anayemwacha mumewe ajisifu mpaka achoke. Kisha aliuliza: kama mafuta yenyewe hayana nguvu ya kupanda, wazungu wanayapigania ya nini?

Nguvu yanayo, lakini ni ya ujanani. Kisima kikiwa kipya husukuma chenyewe. Kikizeeka, msukumo wa chini huisha, mafuta yakapanda nusu ya njia na kukaa hapo hapo. Ndipo tulipoitwa sisi. Tulikishushia pampu ya umeme, nyembamba kiasi cha kupita ndani ya bomba, ndefu kuliko nyumba mbili zikiunganishwa, ikining'inia kwenye mabomba na kebo yake imefungwa ubavuni, mpaka chini kabisa ambako hakuna mtu aliyewahi kufika. Mota ilikaa chini. Juu yake kulikuwa na kifaa tulichokiita kinga, juu ya kinga mdomo wa kunyonyea, na juu ya mdomo pampu yenyewe: vikombe vingi vimepangwa, kila kimoja kikipokea kutoka kwa mwenzake wa chini na kumrushia wa juu.

Mota ile ilijazwa mafuta. Si hayo ya kisimani. Ni mafuta masafi, ya kuipoza na kuzuia umeme usiruke. Adui yake alikuwa maji. Visima vizee hutoa maji mengi kuliko mafuta, jambo ambalo mke wangu pia alilikataa, na ile kinga haikuwa na kazi kubwa kuliko kuyazuia maji hayo yasiingie kwenye mota. Pampu ilipokufa tuliivuta juu, tukailaza mezani, na mkuu wetu alifungua kizibo kidogo cha mota na kukinga kiganja. Yakitoka mafuta masafi, tulitafuta kosa mahali pengine. Yakitoka maji, hata matone mawili, alijifuta mkono, akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika ubavuni herufi mbili: HS. Ni Kifaransa cha karakana, maana yake kitu kimekwisha kazi. Sisi tulizitamka ashi-esi, na neno hilo likishaandikwa hakuna aliyelibishia.

Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minane. Miaka ya mwisho brashi ilikuwa mkononi mwangu mimi. Sikukosea hata mara moja. Nalisema bila haya, kwa sababu haya yangu iko kwingine.

Baba yangu alipofariki nilirudi na mke wangu kwetu, upande wa Pweto, kushughulika na mambo ya ukoo, nikiwaza kukaa miezi miwili. Vita vikatukuta huko. Tulivuka ziwa Mweru pamoja na watu wengine waliojazana kwenye boti moja ya wavuvi, na tulipokaribia ng'ambo ya Zambia, upande wa Puta, kila mtu alitaka kushuka wa kwanza. Mke wangu alisukumwa akaanguka kati ya boti na mawe, na boti ikamrudia. Hakupiga kelele. Alisimama, akatembea mpaka kwenye lori, akakaa kambi ya Kenani kwenye hema wiki nyingi akisema ni maumivu tu ya kulala chini. Kiuno kilipona chenyewe, na kilipona vibaya. Tangu siku ile anatembea akiegemea upande mmoja, na asubuhi humchukua muda mrefu kuinuka.

Tukahamishiwa makao mapya, ndani ya wilaya ya Nchelenge, msituni, mbali kidogo na ziwa. Tulipewa shamba dogo la mihogo na mahali pa kujenga. Maji yalikuwa mtoni, au kwenye pampu ya mkono ya mtaa wa pili ambako foleni ilianza kabla jua halijachomoza. Bidoni, lile dumu la lita ishirini, halijui mwenye kiuno kibovu. Alilibeba. Aliporudi hakusema neno mpaka saa sita, maana meno yalikuwa yamebanana kwa maumivu.

Nitasema ukweli kuhusu mimi mwenyewe, kwa sababu hakuna atakayeusema. Ningeweza kumchotea. Baiskeli hatukuwa nayo, na mwanamume kubeba bidoni kichwani, kati ya wanawake, tena mwanamume aliyekuwa akiitwa chef, yaani mkubwa wa kazi, kule Muanda, niliona ni mwisho wa dunia. Nilikwenda kutafuta vibarua. Siku niliyokosa kibarua nilikaa tu barazani, na bado sikwenda kuchota.

Kisha ofisi ya wakimbizi ikachimba kisima katika mtaa wetu. Wakaleta paneli za jua, tangi juu ya mnara wa chuma, na pampu ndogo ya umeme ya kuzamishwa. Niliposimama kuitazama ikishushwa nilicheka peke yangu, maana ilikuwa kitu kile kile, mota chini na vikombe juu, ila ilikuwa fupi kama mkono wa mtu. Bomba la kuchotea liliwekwa hatua chache kutoka mlangoni petu. Mke wangu alikwenda na ndoo ndogo mara nyingi kwa siku, taratibu, apendavyo. Maji yaliyomwagika pale bombani aliyachimbia mfereji mpaka nyuma ya nyumba, akapanda mboga ya lengalenga na nyanya, akawa anauza kidogo kwa wanawake wanaokwenda kununua dagaa wa chisense ziwani. Zaidi ya yote alianza tena kugombana na mimi. Alikuwa ameacha kugombana tangu tulipovuka, na mtu asiyemjua hawezi kuelewa jinsi kimya kile kilivyokuwa kikinitisha. Nilifurahi mno, nikamwahidi kwamba hatarudi tena mtoni na bidoni maisha yake yote. Niliahidi kana kwamba ile pampu niliizaa mimi.

Ilikufa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati wa joto kali. Bomba lilikohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Baada ya siku nne akaja mtu wa ofisi na gari, akafungua lile sanduku la umeme, akalifunga. Akauliza kama kuna mtu hapa anayejua mambo ya pampu. Mtaa mzima ulinigeukia.

Sitaficha kwamba nilisikia raha. Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kupanga mstari: mstari wa chumvi, mstari wa sabuni, mstari wa alama za vidole. Sasa watu walinipisha. Niliwapanga wanaume kwenye bomba la plastiki, tukaivuta pampu juu mkono kwa mkono, tukailaza juu ya meza iliyoazimwa kanisani. Niliomba mita ya ofisi, nikapima kwenye ncha ya kebo. Mita ilisema umeme unavuja.

Umeme ukivuja washukiwa ni watatu: kebo yenyewe, kile kiungo ambapo kebo inaungana na waya za mota, au mota. Kinachofuata anakijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Unakata waya chini ya kiungo, unapima mota peke yake. Kisu kilikuwa mfukoni mwangu. Lakini watu walikuwa wengi, watoto wamepanda mpaka kwenye mnara, na mtu wa ofisi alisimama na kitabu chake. Nikatamani wanione nikifanya kama alivyofanya mkuu wangu. Nikatafuta kizibo ubavuni mwa mota, nikakifungua, nikakinga kiganja.

Yalitoka maji. Maji masafi, yalijaa kiganja na kupita kati ya vidole. Watu waliokuwa karibu walivuta pumzi, na mimi moyo wangu uliniambia kwamba jibu limekwisha patikana.

"Mayi," nikasema. "Mu motere muliingia mayi. Hii ilikufa."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wenzake, ameegemea nguzo ya mnara. Huwa haongei mbele ya watu. Siku hiyo aliongea.

"Ulipima bintu byote?"

Nilimjibu bila kumtazama.

"Weye ulishaonaka motere wapi?"

Watu walicheka. Yeye pia alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekubali kuwa ameuliza upuuzi. Nimekumbuka tabasamu lile mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sura ya mama yangu.

Mtu mmoja alileta rangi nyeupe iliyobaki walipopaka msalaba wa kanisa. Niliandika HS ubavuni mwa mota, herufi nzuri, zimenyooka. Mtu wa ofisi alinipa karatasi, nikaandika kwa Kifaransa na yeye akaandika kwa Kiingereza, nikatia sahihi. Aliipokea kwa furaha ambayo sikuielewa siku ile. Alisema pampu mpya itaagizwa. Mota ikapakiwa kwenye gari, kebo na pampu yake vikawekwa ghalani, watu wakarudi majumbani wakinisifu. Wengine walinishukuru kwa kuwaambia ukweli, kwamba ofisi ilituletea mota mbovu tangu mwanzo. Sikuwa nimesema hivyo. Sikukanusha pia.

Pampu mpya haikuja. Mvua zilianza, zikaisha. Ofisi ilisema imeagizwa, kisha iko njiani, kisha mradi una viongozi wapya, kisha hakuna aliyekuwa na la kusema. Lengalenga ilikauka kwanza, nyanya zikafuata. Mke wangu alirudi kwenye bidoni. Mwanzoni alijaza nusu, lakini nusu ina maana ya safari mbili, na safari ndiyo iliyokuwa ikimuumiza. Akaanza tena kunyamaza. Jioni alilala kifudifudi mkekani nami nikamkanda kiuno kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto.

Sifa zangu, kwa upande mwingine, ziliota mizizi. Niliitwa Papa Enjenieri. Kwenye mikutano ya mtaa niliwekewa kiti mbele. Kila mara watu walipoishtaki ofisi walinitaja mimi, na karatasi yangu, na zile herufi mbili ambazo wengi hawakuzijua maana lakini walizitamka vizuri. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nami nilizipenda sifa zile, nikakaa kwenye kile kiti.

Halafu nikapata kibarua njia ya Mwansabombwe. Mkulima mmoja Mzambia alikuwa amechimba kisima shambani kwake, na fundi aliyekuja kuweka pampu alihitaji watu wa kushika mabomba. Fundi alikuwa mtu mzima, mnene, mchangamfu, Kiswahili chake cha sokoni amechanganya na Kibemba. Sikumwambia kazi niliyowahi kuifanya. Mtu wa kibarua akisema aliwahi kuwa chef anachekwa tu.

Alifungua boksi akatoa mota mpya. Ilikuwa sawasawa na ile yetu, rangi ile ile, kizibo mahali pale pale. Akaisimamisha, akafungua kizibo, akachukua chupa ya maji safi na bomba la sindano kubwa lisilo na sindano. Akavuta maji kwenye chupa, akaanza kuyaingiza ndani ya mota.

Nilimrukia. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka chupa ikaanguka, nikamwambia anaua mota, anaua kitu kipya cha watu, je, amelewa? Mkulima aligutuka. Fundi alinitazama, akaona kwamba sifanyi mzaha, akaanza kucheka polepole.

"Awe, mudala. Tulia, mzee," akasema. "Hii mota kwa fakitori banaijaza maji. Maji ndiyo inaikaa. Nikiona imepungua, ninaongeza."

Nikamuuliza kama zote ziko hivyo. Akasema nyingine hujazwa mafuta, lakini hizi ndogo za visima vya maji, za aina hii, waya zake zimevishwa plastiki isiyopitisha maji, na watengenezaji huzijaza maji makusudi ili hata zikivuja zisichafue maji ya kunywa. Akanionyesha kijitabu kilichotoka kwenye boksi. Kulikuwa na picha: mota, kizibo, mkono, chupa. Hata asiyejua kusoma angeelewa. Kisha akaniuliza, kwa upole, kwa nini nilifikiri vinginevyo.

Nilisema sijui. Nilirudi kushika mabomba. Niliangusha mawili, mwenzangu akauliza kama nina malaria, nikasema ndiyo.

Nililala huko siku mbili, na niliporudi sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ghala la ofisi. Mlinzi alinijua, alinifungulia kwa heshima. Kebo yetu ilikuwa bado imezungushwa kwenye pembe, vumbi juu yake. Walipoiondoa mota walikata chini ya kiungo, kwa hiyo kiungo chenyewe kilibaki kwenye kebo. Nikakikata kwa kisu kile kile. Utepe wa ndani ulikuwa umeungua, mweusi, waya mmoja umekula shaba yake mpaka karibu kukatika. Aliyeuunga alikuwa na haraka, hakuubana. Hilo tu. Kazi ya saa moja, kiungo kipya, na bomba la pale mlangoni lingeendelea kutoa maji.

Nikamuuliza mlinzi iko wapi mota. Alisema ofisi ilisafisha uwanja, vyuma vyote vilivyoandikwa vimekufa walipewa wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kashikishi, na wale waliipasua papo hapo ili kutoa shaba. Alisema shaba ilikuwa nzuri sana, inang'aa. Alidhani nitafurahi kusikia.

Nilikaa chini pale ghalani. Nilijichukia. Mimi ndiye niliyeifungua mota nzima, yenye afya, nikamwaga maji yake yaliyowekwa kwa akili za watu, nikaiandikia kifo kwa rangi ya msalaba. Ujuzi wangu ndio ulioiua. Mtu asiyejua chochote angepima, angekata, angeuliza.

Jioni nilimwambia mke wangu. Alikuwa anamenya mihogo, amekaa kwenye kigoda kwa upande wake mzuri. Nilimwambia yote, pamoja na ile picha ya kijitabuni. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza alitia mhogo wa mwisho majini.

"Njo maana nilikuuliza," akasema.

Nilingoja aseme zaidi, nilitaka anitukane. Nilimwambia kesho kuna mkutano wa mtaa, na nitasimama niseme mbele ya watu wote. Hapo ndipo aliponitazama.

"Usibaambie. Bakijua, tutaishi na nani hapa?"

Nikamjibu kwamba ofisi ikisikia kosa ni langu na si la mota, huenda wakaelewa kwamba kisima hakina ubaya, wakaleta mota moja tu. Aliuliza kama naamini hivyo kweli. Sikuamini. Nilitaka tu kuutua ule mzigo, na sikujali ungemwangukia nani.

Basi nilisimama mkutanoni. Mtu wa ofisi alikuwapo, mpya, wa tatu tangu tufike. Nilieleza kwa Kiswahili chetu, polepole, ili hata bibi wa mwisho aelewe: mota ilikuwa nzima, maji yalikuwa yake, kosa lilikuwa kwenye kiungo, na mimi nilikosea. Nilisema neno hilo, nilikosea, mara tatu. Nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya watu tangu nizaliwe.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaona nyuso zikigeuka, si kwangu, bali kwa mtu wa ofisi. Mzee mmoja, jirani yetu tuliyevuka naye kwenye boti moja, alisimama akanijia, akanishika bega.

"Tulisikia, papa. Tunajua banakutisha. Usiogope, siku ile haukusema bongo, ulisema kweli."

Wakapiga makofi. Walinipigia makofi mimi. Nilijaribu kusema tena, nikasema hakuna aliyenitisha, na kadiri nilivyokana ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma. Mtu mwenye makosa hajitangazi, waliambiana, huyu wamembana. Mwanamke mmoja alilia. Nilimgeukia mtu wa ofisi, nikamwomba awaambie. Alifungua faili, akasema kwa sauti ya chini kwamba anayo karatasi yenye sahihi yangu, kwamba pampu ile imefutwa kwenye vitabu, kisima kimefungwa kwenye vitabu vile vile, na kisima kilichofungwa hakiagiziwi mota. Ndipo nilipoielewa furaha ya yule aliyeipokea karatasi yangu: ilimpa ruhusa ya kukifunga. Akasema mradi wenyewe unaisha mwaka huu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na nadhani hata yeye hakuniamini.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimesindikizwa na watu. Mke wangu alikuwa amesikia makofi kutoka kitandani, akadhani wameleta pampu.

Wiki ile ile kiuno chake kiligoma kabisa. Asubuhi moja alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu kwa upande wa pili, akalala tena akitazama paa. Mwanamke wa zahanati alikuja, akambonyeza, akampa vidonge vya maumivu. Akaniambia nje, pembeni, kwamba mfupa ulishika vibaya zamani, na mzigo umeumaliza. Kama angekuwa amepumzika miezi hii, huenda. Sasa kuna hospitali kubwa tu, mbali, na hata huko hawezi kuahidi chochote. Kisha akauliza nyumbani kuna maji kiasi gani, maana mgonjwa wa kulala anahitaji kuoshwa. Hapakuwa na maji hata ya vidonge.

Nikachukua bidoni, nikatoka nalo. Njia nzima watu walinisalimu. Kwenye pampu ya mkono ya mtaa wa pili mabidoni yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, ya njano mengi, kila moja likimshikia mwenyewe nafasi. Niliweka langu mwishoni. Hakuna mwanamke aliyecheka. Mmoja wao, mama mwenye mtoto mgongoni, mimba nyingine mbele, aliliinua bidoni langu, akalipeleka mpaka chini ya mdomo wa pampu, mbele ya lake yeye.

"Papa Enjenieri, pita mbele. Weye njo ulitusemea."

Nilifungua mdomo niwaambie. Nilizitazama zile nyuso, moja moja, na mikono iliyochubuliwa na vishikio, na wale waliokuwa wamekaa chini kwa sababu miguu imechoka kusimama. Wote walikuwa wananingoja, kwa subira, nichote kwanza. Mke wangu alikuwa amelala na vidonge viwili mkononi, hajavimeza.

Nikapita mbele.